Mgeni na Jembe la Kompyuta

Mzazi wa Mpanda anayemwona kijana wake ameinamia kompyuta usiku kucha, kisha akaambiwa kwamba kazi yenyewe ni kufuta mistari, ana haki ya kuguna. Lakini asikilize kwanza.

Programu huria ni ile ambayo maandishi yake ya ndani huruhusiwa kusomwa na kurekebishwa na yeyote. Linux, aliyoianzisha Linus Torvalds wa Ufini mwaka 1991, ni mojawapo. Humo wageni wengi huanzia kwenye palizi: kupanga mistari iliyoachwa ovyo na kuondoa isiyotumika. Wenyeji huikagua kazi hiyo kabla ya kuipokea, na aghalabu huirudisha.

Wana sababu. Anayepalilia mpunga kule Mwamkulu ajua kwamba gugu changa huweza kufanana na mche. Mstari unaoonekana wa bure huenda unategemewa na sehemu nyingine ya programu. Ukiung'oa, kitu cha mbali huanguka. Basi kijana atume badiliko moja kwa safari moja, aeleze sababu yake, na aijaribu programu kwanza. Akirudishiwa mara tatu, baba mtu asimcheke. Siku itakapopokewa, jina la mwanawe litaandikwa katika kumbukumbu za mradi, pamoja na tarehe.