Boga lisisingiziwe ladha
Ndugu mwandishi, pankeki zako za boga zinavutia, ila tunaachana pale unaposema ladha ya msimu wa mapukutiko kule Marekani inatokana na boga lenyewe. Ladha ile ni ya viungo: mdalasini, tangawizi, kungumanga na karafuu. Kampuni ya McCormick ilianza kuuza mchanganyiko wa aina hiyo mwaka 1934, na ile kahawa ya Starbucks iliyoupa umaarufu kuanzia 2003 haikuwa na boga hata chembe mpaka 2015. Boga bichi ni maji kwa asilimia 90 hivi, na yale makubwa ya kuchonga sura za Halloween ndiyo kabisa, nyuzinyuzi tupu. Kwa hiyo anayetaka kifungua kinywa cha shangwe aanzie kwenye viungo, avipashe kwenye siagi mpaka vinukie, ndipo avitie kwenye unga. Nanyi mliotangulia kutoa maoni hapo juu mnaosema basi boga liachwe, hapana! Linalainisha pankeki na kuipa rangi, mradi likishapondwa likaushwe kwanza sufuriani, likorogwe mpaka lishikamane na mwiko, na maziwa yapunguzwe. Karafuu iwe kidogo sana, maana ikizidi watoto watasukuma sahani.