Tuisheni inapokula muda wa klabu

Kwenye ratiba zinazobandikwa ukutani katika ofisi za walimu, Ijumaa mchana huwa na kipindi cha 'michezo' au 'klabu'. Watoto wa darasa la pili na la tatu wanakijua vizuri. Kengele haijamaliza kulia, tayari wako uwanjani. Wengi wa darasa la saba wanakijua kwa jina tu. Saa hiyo wamo darasani wanakokotoa maswali ya mitihani iliyopita, na ikifika saa kumi wanabeba madaftari kwenda tuisheni.

Lawama hapa si ya walimu peke yao. Wazazi wenyewe ndio walioomba. Kwenye vikao vya wazazi swali la kwanza huwa ni ufaulu, la pili michango, na la tatu mara nyingi halifiki kwa sababu watu wanawahi biashara zao.

Hofu yao ina msingi. Mtoto wa shule ya msingi Tanzania anapimwa darasa la nne, kisha Septemba ya mwaka wa mwisho anakaa kwenye mtihani unaoamua kidato cha kwanza. Sasa limeongezeka jingine. Chini ya Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014, toleo la 2023, elimu ya msingi inashuka kutoka miaka saba hadi sita, na mwaka 2027 darasa la sita na la saba watamaliza pamoja. Mzazi mwenye mtoto kwenye kundi hilo anapiga hesabu zake usiku: mwaka umepungua, na wanaogombea madawati ya sekondari wameongezeka. Anaongeza tuisheni. Kwa kuwa siku haiongezeki, kitu fulani lazima kitoke, na kinachotoka ni kwaya, skauti au mpira wa pete.

Ajabu ni kwamba mtaala huohuo uliopunguza mwaka umeweka Sanaa na Michezo kuwa somo. Kabla yake kulikuwa na Haiba na Michezo, pamoja na Stadi za Kazi. Hayo yalikuwa masomo ambayo vipindi vyake vilikopwa na hisabati na havikurudishwa. Mzazi anayesema "michezo itakuja baadaye" anasaidia mkopo huo uendelee.

Mazungumzo ya mlangoni saa kumi na mbili jioni yanafanana katika nyumba nyingi.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Mbona umechelewa?"

"Tulikuwa na mazoezi ya ngonjera, baba. Kuna wageni wanakuja shuleni."

"Ngonjera ndiyo itakupeleka kidato cha kwanza?"

Mtoto hana jibu, anaingia ndani. Wiki inayofuata hayupo kwenye mazoezi.

Swali la baba huyo ni halali na linastahili jibu la kweli. Ngonjera haimo kwenye karatasi ya mtihani. Wala kukariri beti si sawa na kujua kusoma. Wapo watoto wanaoghani vizuri na bado wanakwama kwenye habari ya aya tatu. Lakini darasa lenye watoto tisini halimpi kila mtoto nafasi ya kusimama na kuongea. Mtoto mpole anaweza kupita darasa la tatu, la nne na la tano bila mwalimu kusikia sauti yake zaidi ya "ndiyo mwalimu". Kwenye ngonjera anapewa sehemu yake, na asipoitamka kipande kizima kinasimama. Wenzake wanamsubiri. Mwalimu wa zamu anagundua kumbe anajua, au kumbe hasikii vizuri, au ana kigugumizi kinachohitaji kushughulikiwa. Mambo hayo hayaonekani kwenye daftari.

Bustani ya shule nayo inastahili kutazamwa upya, ingawa wazazi wengi wana kinyongo nayo. Wengi waliosoma miaka ya themanini na tisini wanakumbuka jembe, jua na fimbo. Shamba lilikuwa adhabu ya wachelewaji, na mahindi hawakujua yalikokwenda. Mwalimu Nyerere alipotoa 'Elimu ya Kujitegemea' mwaka 1967 hakukusudia hivyo. Alitaka wanafunzi washiriki kupanga na kuamua, waone faida ya kazi yao na wajifunze kutokana na makosa yao. Shule nyingi zilichukua jembe, zikaacha sehemu ya kuamua.

Klabu ya bustani inayoendeshwa vizuri inahitaji eneo dogo tu, hata viroba na makopo nyuma ya darasa. Watoto wa darasa la tano wanapewa tuta la mchicha. Wanalipima urefu na upana, wanatafuta eneo, wanaamua mistari ikae umbali gani. Wanaandika tarehe ya kupanda na tarehe mbegu zilipochomoza. Tuta moja likikataa kuota wanabishana: mbegu ilikuwa mbovu, ilizama sana au kuku walipita? Mwalimu mzuri hawapi jibu upesi. Baada ya wiki tatu hivi mchicha unavunwa, unafungwa mafungu, unauzwa kwa walimu na majirani, na mtoto mmoja anashika daftari la mapato. Fedha ya mbegu inatolewa, kinachobaki kinaonekana. Hapo kuna sayansi, hisabati na uandishi, na mtoto anayesinzia kwenye kipindi cha eneo la mstatili ndiye anayegombana na mwenzake kwamba tuta lao limepunjwa nusu mita.

Ikiwa mtoto anarudi kila wiki na udongo kwenye sare lakini hawezi kueleza walichopanda, kwa nini, na kilichovunwa kimekwenda wapi, hiyo ni kazi ya shamba tu. Mzazi ana haki ya kuuliza.

Klabu za mazingira zina historia hapa nyumbani kuliko watu wanavyodhani. Roots & Shoots, mpango wa vijana ulioenea nchi nyingi duniani, ulianzia Dar es Salaam mwaka 1991, pale Jane Goodall alipokutana na wanafunzi 12 nyumbani kwake. Zipo pia klabu za Malihai, zinazowapeleka watoto kwenye habari za wanyamapori na misitu. Shule isiyo na klabu haihitaji kubuni kitu kipya. Inahitaji mwalimu mmoja mwenye moyo na mkuu wa shule asiyemkatisha tamaa.

Kwa upande wa michezo, jina kubwa ni UMITASHUMTA. Timu hupatikana kwa mchujo kuanzia ngazi za chini hadi mkoa, ndipo zinafika taifani. Ni mashindano mazuri, na mtoto aliyefika huko husimulia hadi anakuwa mtu mzima. Tatizo linaanza shuleni. Mara nyingi michezo ya mwaka mzima hugeuka kuwa maandalizi ya watoto kumi na wachache wenye kipaji, na wengine mia kadhaa wanakaa chini ya mwembe kushangilia. Mtoto asiyejua mpira naye ana mwili unaohitaji kukimbia. Rede, kuruka kamba na mbio za vijiti havihitaji mchujo, na vifaa vyake ni kamba na mpira wa makaratasi.

Shule zenye zamu mbili, hasa mijini, zina shida yao. Wa asubuhi wanatoka, wa mchana wanaingia, na madarasa hayapumziki. Kuwalaumu walimu hapo ni kuwaonea. Baadhi huweka klabu Jumamosi asubuhi, na hapo mzigo unahamia kwa mzazi: nauli, chakula, na nyumbani nani atamlea mdogo wake. Kwa watoto wa kike hesabu hiyo ni ngumu zaidi, maana Jumamosi ni siku ya kufua na kuchota maji. Kaka yake akiruhusiwa kwenda mpirani huku yeye anabaki na ndoo, jambo hilo liko mikononi mwa wazazi, si la shule.

Kisha kuna fedha. Tangu elimu bila ada ianze mwaka 2016, ruzuku ya uendeshaji imehesabiwa Sh10,000 kwa mwanafunzi wa shule ya msingi kwa mwaka, na humo vitabu vina sehemu yake. Kinachobaki kinagombewa na chaki, ukarabati, karatasi za mitihani na mipira. Mzazi anayelipa shilingi mia tano ya tuisheni kila siku, siku tano kwa wiki, hutoa kwa mwezi kiasi kinachofanana na ruzuku ya mtoto huyo kwa mwaka mzima. Hesabu hiyo inafaa kupigwa kwa utulivu, si kwa kugombana na mtu.

Tuisheni si dhambi. Mtoto wa darasa la sita asiyejua kugawanya kwa tarakimu mbili anahitaji msaada, tena haraka. Ila mwalimu wake aseme anakwama wapi na msaada utachukua muda gani. Tuisheni isiyo na pengo linalojulikana, ambayo mtoto anakwenda kunakili upya yale aliyonakili asubuhi, inamchosha na kumpotezea mzazi fedha. Mtoto wa miaka kumi na moja aliyeondoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri hana kichwa cha kupokea hisabati saa kumi na moja jioni. Labda muda huo angeutumia vizuri zaidi akiimba, au akilala.

Jambo moja lisiachwe nyuma: nani yuko na watoto baada ya masomo. Mwalimu wa karate, wa ngoma au wa kwaya anayetoka nje ya shule afahamike kwa ofisi ya mwalimu mkuu, na awepo mwalimu wa shule kila mazoezi yanapofanyika. Mazoezi yafanyike mahali pa wazi. Muda wa kumaliza ujulikane, ili mtoto akichelewa nusu saa mzazi ajue ampigie nani. Mtoto aliyependa klabu kisha ghafla akaikataa asilazimishwe kurudi kabla hajaulizwa polepole, na mtu anayemwamini, nini kilitokea.

Kikao cha wazazi cha mwanzo wa muhula ndipo pa kuyapeleka haya, kabla ratiba haijakaa ukutani. Mzazi aombe kuona kipindi cha klabu kipo siku gani, kwa madarasa yapi, na mwalimu gani amekabidhiwa. Akiambiwa darasa la sita na la saba wamesimamishwa kwa sababu ya mitihani ya majaribio, aulize watarudi lini, na jibu liandikwe kwenye muhtasari wa kikao.