Stara ya Mgonjwa Katika Mji wa Macho Mengi

Katika miji yetu hii ya pwani mtu akiumwa haumwi peke yake. Huumwa yeye, wakaumwa na jamaa zake, na kila mmoja ana jina lake la kuupa ugonjwa ule. Mtoto akishikwa na homa ya malaria hata akakakamaa na kugeuza macho, nyanya atasema ni dege, ami atasema asomewe, na daktari atasema ni homa iliyopanda kichwani. Ni nani basi atakayesikizwa? Aghalabu husikizwa yule mwenye kutoa nauli, naye huenda yuko kazini Mombasa na simu yake imezimwa. Mama amempakata mtoto mlangoni, angoja ruhusa.

Nayasema haya ili msomaji asidhani kwamba maradhi ni kazi ya vijidudu pekee. Vijidudu vina sehemu yao, na watu wana yao. Mfano mkubwa wa jambo hili tunao hapa hapa Mtwapa, na ingawa umepita miaka mingi sidhani kama tumeuzungumza inavyopasa.

Mnamo Februari mwaka 2010 ulivuma uvumi mjini kwamba wanaume wawili walitaka kuoana. Viongozi wa dini, Waislamu pamoja na Wakristo, walisimama mbele ya waandishi wa habari wakalaani, na siku ya pili yake, Ijumaa ya tarehe 12, kundi la watu likaizingira zahanati ya taasisi ya utafiti wa tiba ya serikali, KEMRI, ambayo ilikuwa ikiwapima na kuwatibu watu wa kila namna habari za ukimwi, wakiwemo wanaume hao. Watu walishikwa na kupigwa, polisi wakawachukua baadhi yao, na kazi ya zahanati ikasimama kwa muda. Ndoa yenyewe haikuonekana. Wazee husema lisemwalo lipo, kama halipo laja. Mara ile halikuwapo, wala halikuja.

Sina haja hapa ya kufungua mlango wa hukumu ya dini juu ya kitendo kile. Hukumu ile wasomaji waijua, na masheikh wapo. Ninalouliza ni jingine: baada ya Ijumaa ile, ni mtu gani aliyepita mlango ule pasi na kutizama nyuma? Mke wa mtu aliyetaka kujua kama ameambukizwa na mumewe, je, alithubutu? Msichana anayefanya kazi katika mabaa ya barabarani, je? Jiwe lililotupwa kwa mmoja liliwaangukia wote waliokuwa wakihitaji jengo lile, na ugonjwa haukuulizwa ulitoka kwa nani wala unakwenda kwa nani.

Ni kweli kwamba zahanati zile hazikuanza kuchukiwa siku ile. Wenzetu wa Kilifi wanakumbuka kwamba tangu kituo cha utafiti kilipofunguliwa huko mwaka 1989, kwa ushirikiano wa KEMRI na shirika la Wellcome la Uingereza, palizuka maneno ya kwamba watu wale wanachukua damu ya watoto wakaiuze. Maneno hayo ni ya kale kuliko kituo. Ni yale yale ya mumiani, ambayo babu zetu waliyasimulia zama za ukoloni kwa hofu ya gari la zimamoto. Mumiani asili yake ni dawa nyeusi mfano wa lami iliyoletwa kutoka ng'ambo, lakini watu wakaamini imetengenezwa kwa damu ya binadamu. Wako wasomi wanaocheka wakisikia habari hizi. Mimi sicheki. Mtu aliyezoea kuchukuliwa ardhi yake na nguvu zake bila kuelezwa, ukimjia na sindano akupe damu bila kumweleza, atasema nini? Hofu ile ilikuwa na sababu yake, ingawa ilikosea mahali pa kuishia.

Jambo la kushukuru ni kwamba katika miaka iliyofuata ghasia za Mtwapa watafiti walikaa kitako na viongozi wa dini, wakafundishana na kusikilizana. Hawakukubaliana kwa yote. Ilitosha kwamba waliweza kukaa chumba kimoja.

Sasa twaingia katika habari za leo. Januari mwaka 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya nchi za nje, na miongoni mwa vilivyotikisika mara moja ni vituo vya ukimwi hapa Kenya, ambavyo tangu mwaka 2003 vilitegemea sana fedha hizo. Vingine vilifungwa, na wizara ikataka kliniki za pembeni ziunganishwe na huduma za kawaida za hospitali. Kwa maneno mepesi, mwenye kuchukua dawa za ukimwi apange foleni moja na mwenye kikohozi.

Wengi wamelia juu ya hilo. Mimi naona lina pande mbili. Kliniki ya pembeni ilikuwa na wauguzi waliomjua mgonjwa na kumwita kwa upole. Lakini mlango wake ulijulikana na mji mzima, na kuingia tu kulikuwa ni tangazo. Foleni moja humficha mtu vizuri zaidi, kwani nani atajua amefuata nini? Ila stara hiyo itapatikana ikiwa karani hatapaza sauti, ikiwa faili halitakuwa na rangi yake peke yake, na ikiwa dirisha la dawa halitazungukwa na watu wanaosikiliza. Sisi Waislamu tumefunzwa na Mtume wetu (S.A.W.) kusitiri aibu ya mwenzetu. Sioni kwa nini funzo hilo liishie nje ya ukuta wa hospitali.

Na gharama nayo haikuachwa nyuma. Tangu tarehe 1 Oktoba 2024 bima ya zamani ya NHIF ilipoondolewa na kuwekwa SHA, mwenye mshahara hukatwa asilimia 2.75, na asiye na mshahara huchangia si chini ya shilingi 300 kwa mwezi. Mpango ulipoanza alitakiwa alipe ya mwaka mzima kwa pamoja, yaani shilingi 3,600 kwa uchache. Mvuvi wa hori la Mtwapa atazitoa wapi kwa mkupuo msimu wa kusi, bahari ikichafuka?

Mficha maradhi kifo humuumbua, ndivyo tunavyowaambia wagonjwa. Lakini wako kina mama wanaozitoa tembe zao katika chupa ya plastiki kabla ya kupanda matatu, wakazifunga katika pindo la leso, kwa kuwa chupa ile hulia njuga mkobani na wenziwe katika gari wanaijua sauti yake.