Pesa kwa simu: mfumo haubadilishwi wote kwa usiku mmoja

Tangu benki za Goma zilipofunga milango mwishoni mwa Januari 2025, familia nyingi za muji huo zilibaki na simu kama sanduku la pesa. Mshahara, karo ya watoto, pesa ya unga, vyote vikapita humo. Ndiyo maana ujumbe mfupi unaosema « huduma haitapatikana usiku huu sababu ya matengenezo » si habari ya wataalamu peke yao.

Mfumo wa pesa kwa simu umejengwa kwa sehemu nyingi. Moja inahakikisha namba ya siri, nyingine inahesabu salio, nyingine inatuma SMS, nyingine inaongea na benki. Zinapaswa kuongea kwa njia zilizokubaliwa tu. Lakini kwa haraka ya kazi, miaka ikipita, sehemu moja inaanza kuchungulia daftari ya nyingine bila kupitia mlangoni. Siku mtu anagusa SMS, salio inakwama. Kuupanga upya mfumo kama huo ni lazima, hakuna ubishi. Shida ni namna ya kufanya.

Benki ya TSB ya Uingereza ilichagua njia ya mkato. Mwezi Aprili 2018, ilihamisha wateja wake karibu milioni 5 kwenye mfumo mpya kwa wikendi moja. Jumapili jioni ilipofungua, wengi hawakuweza kuingia, na wengine waliona hesabu za watu wasiowajua. Data zenyewe zilihama vizuri. Ni mfumo mpya ulioshindwa kubeba mzigo. Mambo yalirudi sawa mwezi Desemba. Mkuu wa benki, Paul Pester, alikuwa ameisha kuondoka, na mwaka 2022 benki ikatozwa faini ya pauni milioni 48,65.

Netflix, kampuni ya Marekani ya filamu, ilikwenda polepole. Mwaka 2008 hifadhi yake ya data iliharibika, na kwa siku 3 ikashindwa kutumia wateja DVD zao. Ikaanza kukata mfumo wake mkubwa vipande vipande na kuhamisha kimoja kisha kingine, huku wateja wakiendelea kuhudumiwa. Ilimaliza Januari 2016. Na hizo zilikuwa filamu tu!

Wakubwa wa makampuni watasema njia hiyo ni ya gharama, kwani mifumo miwili inalishwa kwa wakati mmoja. Ni kweli. Lakini gharama ya njia ya mkato inalipwa na mama anayesimama mbele ya kibanda cha pesa, mgonjwa akimsubiri hospitalini.

Benki Kuu ya Congo ndiyo inayotoa ruhusa ya kazi hiyo. Kabla ya kampuni yoyote kugusa mfumo wake, ingeiomba ionyeshe kwa maandishi: sehemu gani itaanza, wateja wangapi wataingia kwanza, na kama mambo yakiharibika, itachukua saa ngapi kurudi kwenye mfumo wa zamani.