KIPANDE KILICHOVUNJIKA KISITUPWE

Jioni ya tarehe 15 Desemba, 1967, daraja la Silver Bridge lililovuka Mto Ohio, huko Marekani, lilianguka likiwa limejaa magari. Watu 46 walipoteza maisha yao. Yangaliweza kusemwa mengi na yakaishia hapo, lakini wachunguzi waliagiza mabaki yaopolewe mtoni na kupangwa uwanjani, kila kipande mahali pake. Ndipo ulipogunduliwa ufa wa kina cha milimita 2.5 hivi, katika chuma kimoja tu, ndani ya kiungo ambacho mkaguzi asingeweza kukiona bila ya kukifumua. Mwaka uliofuata ilitungwa sheria ya kutaka madaraka ya ukaguzi wa madaraja yawekewe kanuni nchi nzima.

Tunayataja haya kwa sababu sisi watu wa visiwani tumezungukwa na chumvi, na desturi yetu ni kinyume cha hiyo. Kikivunjika chuma cha gati au cha boti, huitwa fundi akachomea, na kilichobaki huishia kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Kisha tunakaa kulaumiana.

Kutu ya kawaida hakuna mwananchi asiyeijua. Inayotutia wasiwasi ni ile isiyotoa vumbi jekundu. Nyufa zake huzaliwa pale yanapokutana mambo matatu: metali yenye udhaifu huo, nguvu inayoivuta bila ya kuiachia, na kitu cha kuichokoza, ambacho kwa chuma kile mafundi wakiitacho stenlesi ni kloraidi, iliyomo ndani ya chumvi.

Huko Uster, Uswisi, tarehe 9 Mei, 1985, dari ya zege ya bwawa la kuogelea iliwaangukia waogaji, na watu 12 wakafa. Dari hiyo ilining'inizwa kwa fito za stenlesi, chuma kinachosifiwa kuwa hakishiki kutu. Fito hazikuwa majini. Mvuke wa bwawa ulipanda na klorini yake, ukatua juu yake, ukakauka, siku baada ya siku, mahali pasipofika ufagio wala mvua. Hilo la mvua tulitie maanani: bolti iliyojificha chini ya paa la gati yaweza kuwa hatarini kuliko ile inayooshwa na masika.

Jicho peke yake haliwezi kuutambua ugonjwa huu. Fundi wa maabara hukata kipande kidogo penye ufa, akakisugua kwa msasa laini hadi king'ae kama kioo, akakigusisha tindikali, kisha akakitazama kwa hadubini. Hapo punje za metali huonekana zimepangana kama vigae vya sakafu, na ufa wa kutu mara nyingi huonekana umejigawa matawi kama mizizi ya mkoko. Ufa wa uchovu, unaoletwa na mitikisiko, kwa kawaida hauna matawi hayo. Na uso wake, ukitazamwa kwa hadubini ya elektroni, huweza kuonyesha mistari myembamba kama ya mchanga maji yanapokupwa. Tofauti hiyo si ya wasomi tu. Ikiwa ni uchovu, mtikisiko hupunguzwa. Ikiwa ni kutu, chuma kipya cha aina ile ile, kikifungwa pale pale, kitapasuka tena, na fedha ya Serikali itakuwa imekwenda mara mbili.

Kwa hivyo tunawaomba wakuu wa bandari na wa usafiri wa baharini watoe amri iliyo wazi. Chuma kilichovunjika kisioshwe, kisipigwe msasa, wala nyuso zake mbili zisikutanishwe kujaribu kama zinaoana, maana huko ni kufuta ushahidi. Kiwekwe mahali pakavu, kifungwe, kiandikwe kilikotoka na siku kilipovunjika, kisha kipelekwe kwa wahandisi wenye hadubini. Na kama maabara iko ng'ambo ya maji, hatujasikia bado ofisi iliyofilisika kwa nauli ya kifurushi cha kilo moja.