Chujio la maji ni kitu chenye uhai: familia iulizwe kabla ya kupewa

Samaki wa ziwa Tanganyika wanasafiri mbali kuliko wavuvi wake. Kwa miaka mingi sasa, samaki wadogo wenye rangi nzuri wanaoishi kwenye mawe ya ziwa hilo wanafungwa katika mifuko ya plastiki yenye maji na hewa, wanapanda ndege, na wanafika Ulaya na Marekani. Huko wanawekwa ndani ya masanduku ya kioo sebuleni, kwa kutazamwa tu. Wengine wanauzwa kwa majina ya kwao: Bemba, Kiriza, Ubwari. Mkaaji wa Fizi akisikia hivyo anaweza kucheka, kwa sababu kwake samaki ni wa sufuria.

Hata hivyo, watu wanaofuga samaki hao, na zaidi wale wanaofuga samaki wa bahari katika maji ya chumvi nyumbani, wana somo moja ambalo lingefaa sana Goma, Uvira, Baraka na Kalemie. Kabla ya kununua samaki, wanachagua chujio. Na kabla ya kuchagua chujio, wanauliza maswali: samaki huyu anatoka katika maji gani? Atakuwa wangapi ndani ya kioo? Nani atalisafisha chujio, na kila baada ya siku ngapi?

Wanauliza hivyo kwa sababu chujio lao lina uhai. Uchafu wa samaki unatoa amonia, ambayo ni sumu. Ndani ya chujio, juu ya mawe na sponji, wanaishi bakteria wanaogeuza amonia kuwa nitriti, na wengine wanaogeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo haina ukali huo. Bakteria hao hawazaliwi kwa siku moja. Chujio jipya linaweza kuchukua wiki nne hadi sita kabla halijaiva. Anayejaza samaki katika wiki ya kwanza anawaona wakifa mmoja mmoja. Na anayeosha sponji kwa maji ya robine yenye klorini anawaua bakteria wake mwenyewe, na samaki wanafuata.

Huku kwetu, anayekunywa maji ya chujio ni mtoto. Kwa hiyo kosa katika kulichagua na kulitunza linalipwa kwa kolera.

Hakuna haja ya kueleza kolera kwa wakaaji wa Kivu. Mwezi wa Julai 1994, wakimbizi walipoingia Goma kwa mamia ya maelfu, karibu watu 50,000 walikufa katika mwezi wa kwanza, walio wengi kwa magonjwa ya kuhara: kolera kwanza, kisha kuhara damu. Watu walikunywa maji ya ziwa bila kuyatengeneza, na juu ya mawe ya volkano hakukuwa na njia rahisi ya kuchimba choo wala kisima. Mwisho wa Januari 2025, wakati wa mapigano ya Goma, umeme ulikatika, maji yakakauka katika mabomba, na familia nyingi zikarudi ziwani na bidoni zao. Zaidi ya miaka 30 ilikuwa imepita, na njia ya kwenda kuchota ilikuwa ile ile.

Ndiyo maana machujio yanagawiwa, na ni vizuri yagawiwe. Kinachosumbua ni namna yanavyogawiwa. Mara nyingi chujio linafika likiwa limekwisha kuchaguliwa mbali, kwa hesabu ya bei na ya wangapi watapata, na familia inaitwa kutia sahihi. Haiulizwi inachota wapi, inalala wapi, wala itakuwa wapi mwezi ujao. Hapo ndipo penye kosa.

Tuchukue chujio la mchanga. Ni kazi nzuri. Muundo wake wa nyumbani ulitengenezwa na mhandisi David Manz wa Chuo Kikuu cha Calgary, Kanada, katika miaka ya 1990. Ni sanduku la simenti ao la plastiki lenye kokoto chini na mchanga safi juu. Maji yanamiminwa juu, yanapita taratibu, yanatokea kwenye bomba la pembeni. Halihitaji umeme, halihitaji makala, na likitunzwa linadumu miaka mingi. Nguvu yake kubwa iko katika utando mwembamba unaoota juu ya mchanga, wenye viumbe vidogo vinavyokula vijidudu vya maji machafu. Ni jambo la aina moja na chujio la samaki: kuna uhai ndani.

Lakini uhai huo una masharti. Utando unahitaji hadi siku 30 kuiva. Maji yaliyotulia juu ya mchanga yanatakiwa kubaki kama sentimeta 5, lisikauke hata siku moja. Linatakiwa kutumiwa kila siku, kwa maji yanayotoka mahali pamoja ikiwezekana. Likiachwa zaidi ya siku mbili bila maji mapya, viumbe vile vinaanza kukosa hewa na chakula. Na la simenti, likijazwa mchanga, linapita kilo 100. Likisogezwa, mchanga unavurugika na kazi inaanza upya.

Sasa litazamwe chujio hilo mbele ya mama aliyehama mara tatu katika miaka miwili. Mwezi wa Februari 2025, kambi zilizouzunguka mji wa Goma zilivunjwa, na watu wakaondoka kwa siku chache na vile walivyoweza kubeba kichwani na mgongoni. Godoro lilibebwa, sufuria ilibebwa, mtoto alibebwa. Sanduku la simenti haliwezi kubebwa, hata tshukudu ingepatikana. Kumpa familia ya namna hiyo chujio la mchanga ni kuipa kitu ambacho hakitaiva kabla ya safari nyingine.

Kuna kosa la pili, dogo kwa macho lakini baya zaidi. Kando ya ziwa Kivu, wakati wa kolera, kuna vijana wanaosimama na bomba la sindano, wanatia klorini katika kila bidoni inayochotwa. Kazi hiyo inaokoa maisha. Lakini mama akifika nyumbani na kumimina maji hayo yenye klorini ndani ya chujio la mchanga, akifikiri kwamba kinga mbili ni bora kuliko moja, anaua utando wake. Chujio linaendelea kutoa maji yanayong'aa, ila kinga yake imeondoka. Siku ambayo kijana wa klorini hayupo, na mama anachota maji mabichi, familia inakunywa kwa matumaini tu. Kanuni ni moja: chujio la mchanga kwanza, klorini baadaye, ndani ya chombo cha kutunzia. Neno hilo linatakiwa kusemwa siku ya kugawa, kwa lugha ya nyumbani, na kurudiwa.

Chujio la udongo wa kuchomwa, lile la chungu ndani ya ndoo yenye robine, lina faida yake. Ni jepesi, linaweza kubebwa, na halingoji mwezi mzima kuiva. Vitundu vyake ni vidogo kiasi cha kuzuia bakteria wengi, ingawa virusi, ambavyo ni vidogo zaidi, vinaweza kupita. Linatoa kama lita 1 hadi 3 kwa saa, kwa hiyo linajazwa jioni ili maji yawepo asubuhi. Linasafishwa kwa brashi laini na maji safi, bila sabuni. Adui yake ni ufa. Ufa usioonekana kwa macho unatosha kupitisha ugonjwa, na barabara ya kutoka Sake ao Kitshanga, juu ya pikipiki, haina huruma kwa udongo.

Kuchemsha kunaua vijidudu vyote vinavyoleta kuhara. Maji yakichemka kwa nguvu dakika 1 yanatosha, na dakika 3 kwa wanaoishi juu sana, kupita mita 2,000, kama vile milima ya Masisi na ya Minembwe. Lakini kila mmoja anajua gunia la makala linapandaje bei barabara ikifungwa. Kumwambia mama achemshe maji yote, wakati anahesabu vipande vya makala kwa chakula cha usiku, ni kumpa shauri ambalo hatalifuata.

Inabaki klorini ya vidonge. Haipendwi kwa harufu yake, na katika mitaa kuna maneno mengi juu yake. Hata hivyo, kwa familia iliyo njiani, hiyo ndiyo kinga ya kwanza. Kidonge kinaingia mfukoni na kinafanya kazi ndani ya dakika 30. Kuna vijidudu vichache vinavyoivumilia klorini, lakini kile cha kolera hakimo kati yavyo. Sharti ni kusoma pakiti ao kusomewa, kwa sababu kuna vidonge vya lita 5 na vya lita 20, na macho hayawezi kuvitofautisha. Kama maji ni ya tope, yachujwe kwanza kwa kikwembe cha zamani, safi, kilichokunjwa mara nne, kwa sababu tope linaila klorini kabla haijafika kwa vijidudu. Kikwembe si kitu cha kudharau: katika vijiji vya Bangladesh, utafiti uliotolewa mwaka wa 2003 ulionyesha kwamba kuchuja maji kwa nguo ya sari iliyochakaa kulipunguza kolera karibu nusu. Nusu nyingine ndiyo kazi ya klorini.

Wako wanaopinga. Wanasema vidonge vinaifunga familia kwa msaada: siku mradi unapoisha, vidonge vinaisha, na watu wanabaki mikono mitupu, wakati chujio la mchanga linabaki. Wana haki nusu. Kwa familia iliyorudi kijijini, yenye shamba na ukuta wake, chujio la mchanga ni chaguo zuri na linapaswa kuja pamoja na fundi wa karibu anayeweza kulitengeneza. Lakini hoja hiyo haiwezi kutumiwa kwa watu wanaolala kanisani, shuleni ao katika chumba cha ndugu. Chujio linalobaki nyuma wakati mwenyewe amekimbia halimlindi mtu.

Tena, hesabu si kubwa kama inavyoogopwa. Si lazima kutengeneza maji ya kufulia na ya kuogea. Mtu anahitaji kama lita 3 za kunywa kwa siku. Familia ya watu saba inahitaji karibu bidoni moja ya lita 20. Bidoni moja tu kwa siku, iliyotengenezwa vizuri, yenye alama yake ili isichanganywe na nyingine, yenye mdomo mwembamba na kifuniko. Maana maji safi katika ndoo wazi, ambamo kila mtoto anatumbukiza kikombe na mkono, yanarudi kuwa machafu kabla ya jua kuzama, hata kama chujio lilikuwa la bei kubwa.

Kwa hiyo, kwa wale wanaogawa, na kwa wakubwa wa mitaa wanaoandika orodha, kazi ya kwanza ni kuuliza. Maswali matatu yanatosha. Familia hii inachota wapi: robine, ziwa, mto ao mvua? Inatarajia kukaa hapa miezi mingapi? Nani nyumbani atalitunza chujio, na ameonyeshwa kwa mikono yake mwenyewe? Anayejibu kwamba hajui atalala wapi wiki ijayo apewe vidonge, kikwembe na bidoni yenye kifuniko. Aliyetulia lakini katika nyumba ya kupanga apewe la udongo, na kipande cha akiba. Aliyerudi kwake apewe la mchanga, na mtu wa kurudi kumtembelea mwezi wa kwanza, wakati utando unaiva na wengi wanakata tamaa.

Na wakubwa wa juu wasijifiche nyuma ya machujio hayo. Yanasaidia wakati bomba halijafika. Deni la bomba linabaki kwa wale wanaotawala mji, wawe nani, na mama mwenye bidoni kichwani halisamehe kwa sababu alipewa ndoo yenye robine.

Samaki wa Ubwari anayeishi kwenye kioo Ulaya ana mtu aliyeuliza anatoka maji gani kabla ya kumchagulia chujio. Mtoto wa Ubwari, aliyelala leo kwenye sakafu ya shule mbali na kwao, anastahili kuulizwa swali hilo hilo.