Uliza Kwanza Kinachorushwa



Jumamosi moja mwezi uliopita nilikuwa ofisini nikiandika nia za Misa katika daftari, akaingia mzee mmoja wa kigango chetu cha mbali. Nikamwamkia, akaitikia, akaketi. Mkononi alishika karatasi iliyokunjwa mara nne. Akasema, "Karani, mwanangu, wewe umesoma. Nisomee hesabu hii, uniambie kama ni ya haki."

Ilikuwa karatasi ya mfanya biashara mmoja apitaye vijijini kwa pikipiki. Imeandikwa: televisheni ya 4K ya inchi 43, dishi jipya, LNB mpya, king'amuzi kipya, waya mpya, na kazi ya fundi. Mzee aliambiwa ya kuwa picha za siku hizi ni za 4K, na ya kuwa dishi lake la zamani karibu litakufa, kama televisheni zilivyozimika wakati wa kuingia ving'amuzi.

"Nina mtamba mmoja," akasema. "Mnunuzi anakuja Jumatatu. Je, nimpe?"

Sikumjibu mara moja, maana jambo hilo limekwisha kunipata mimi mwenyewe. Leo nawasimulieni bila kuficha, ili mwingine asipotelewe na fedha zake kama mimi.

Mwaka juzi nilikuwa nimeweka akiba ya fedha za kahawa, tupate mabati 20 ya kuezekea jiko. Nikashuka mjini. Dukani nikaona televisheni ya 4K inawaka, na ndani yake ndege amekaa juu ya ua. Nilisimama mbele yake nikaona kila unyoya. Nikasahau mabati. Nikarudi nyumbani na sanduku kubwa, nikaunganisha na king'amuzi changu kile kile. Nilipowasha, msoma habari alikuwa yule yule, na uso wake umefifia vile vile. Tena kwa kuwa kioo kilikuwa kikubwa zaidi, kila kasoro ilionekana zaidi. Mke wangu akatazama kitambo, kisha akauliza polepole, "Baba Agnesi, na yule ndege yuko wapi?"

Yule ndege hakutoka angani. Alitoka katika flashi iliyochomekwa nyuma ya televisheni pale dukani. Mimi niliyesomea ualimu, niliyewafundisha watoto wa watu hesabu, sikuuliza swali moja tu: kinachorushwa ni nini? Mvua zilipokuja, mke wangu alipika huku ameweka sufuria mbili chini zikinga maji yanayovuja.

Haya basi, tujifunze pamoja. Picha ya televisheni imefanywa kwa nukta ndogo ndogo, kama mkeka ulivyofumwa kwa ukindu. Kadiri ukindu ulivyo mwembamba, ndivyo ua la mkeka linavyoonekana sawasawa. Picha ya kawaida, ambayo mafundi huiita SD, ina nukta 720 kwa upana na 576 kwenda juu, jumla 414,720. Picha ya HD kamili ina 1,920 kwa 1,080, jumla 2,073,600. Picha ya 4K ina 3,840 kwa 2,160, jumla 8,294,400. Maana yake 4K ina nukta mara 4 ya HD kamili, na mara 20 ya picha ya kawaida.

Lakini televisheni haiwezi kuonyesha nukta ambazo hazikutumwa. Ikipokea nukta 414,720 katika kioo chenye nafasi 8,294,400, hujaza nafasi zilizobaki kwa kukisia. Ni kama kumwaga debe moja la mahindi katika ghala la magunia 20. Ghala ni kubwa kweli, lakini chakula ni debe lile lile.

Sasa tufuate picha katika safari yake. Kituo huituma juu kwenye setilaiti, iliyoko kilometa kama 36,000 juu ya ikweta. Setilaiti huirudisha chini, na dishi letu huyakusanya mawimbi na kuyaelekeza kwenye LNB, yaani kile kichwa kidogo kilicho mbele yake. Dishi halijui limekusanya SD, HD au 4K, kama karai lisivyojua limekinga maji ya nani. Likiwa na ukubwa wa kutosha, na likitazama setilaiti inayohusika, hufanya kazi ile ile.

Kutoka LNB mawimbi hushuka kwa waya mpaka kwenye king'amuzi. Hapa ndipo penye shida ya kweli. Picha ya 4K ni kubwa mno, hivyo kwa kawaida hutumwa imekunjwa kwa njia iitwayo HEVC, au H.265, iliyokubaliwa mwaka 2013. King'amuzi cha zamani hakijui kuikunjua, basi kitaonyesha giza tu. Kisha kutoka king'amuzi kwenda televisheni kuna waya wa HDMI. Kwa picha za 4K 50 au 60 katika sekunde moja, matundu ya pande zote mbili yapaswa kuwa ya HDMI 2.0 au zaidi. Na kwa vituo vingi vya kulipia, pande zote mbili ziwe na kufuli iitwayo HDCP 2.2.

Mkulima ajuaye mfereji atanielewa upesi. Maji yakizibwa mahali pamoja, shamba halipati kitu, hata ukipanua mfereji mahali pengine pote.

Je, hakuna nchi ambayo watu walilazimika kubadili dishi? Ipo. Huko Japani, tarehe 1 Desemba 2018, vilianza vituo vya setilaiti vya 4K, pamoja na kimoja cha 8K cha shirika la NHK. Mawimbi ya setilaiti zao husafiri yakizunguka, kama parafujo inavyoingia ubaoni. Zamani madishi ya nyumbani yalipokea yale yanayozunguka kulia tu. Nafasi hazikutosha, basi baadhi ya vituo vipya vikawekwa kwenye mawimbi yanayozunguka kushoto. Waliotaka vituo hivyo walihitaji dishi jipya, pamoja na waya na vigawanyio viwezavyo kupitisha masafa mpaka megahezi 3,224. Lakini hata huko, vituo vingine vya 4K vilibaki kwenye mawimbi ya kulia, na dishi la zamani likavipokea. Kwa hivyo waliombadilisha dishi walikuwa na sababu inayojulikana, wala si maneno ya mpita njia.

Huku kwetu, vituo vingi tunavyovipata kwa dishi hutumwa kwa SD au HD. Na hofu ile ya mwaka 2012 tuielewe vizuri. Mitambo ya zamani ilianza kuzimwa Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012, na serikali ilitangaza mapema. Asiye na king'amuzi alibaki gizani. 4K si jambo la namna hiyo. Kuongezwa kwa kituo cha 4K hakuzimi kituo cha HD kilicho kando yake.

Wala sisemi ya kuwa 4K ni uongo. Ibada ya kufungua Mlango Mtakatifu kule Vatican, tarehe 8 Desemba 2015, ilirushwa kwa setilaiti kwa picha za 4K, na waliokuwa na vyombo vyake waliiona kwa uzuri wake. Lakini aliyetazama kwa televisheni ndogo ya kijijini aliona Mlango ule ule ukifunguliwa.

Kuna mambo mawili zaidi ambayo mwuzaji hakumwambia mzee. La kwanza ni jicho. Televisheni ya inchi 43 ina upana wa sentimeta 95 hivi. Ukiketi mbali zaidi ya mita 1.7, jicho la kawaida haliwezi kuzitenga hata nukta za HD kamili, sembuse zile ndogo za 4K. Mzee aliniambia ya kuwa viti vyao viko ukutani, na televisheni iko ukuta wa pili. Hiyo si chini ya mita 3.

La pili ni sola. Tazama nyuma ya televisheni, utakuta imeandikwa idadi ya wati. Betri ya volti 12 na ampea-saa 100 ina wati-saa 1,200, na yafaa tutumie nusu tu ili isife mapema, yaani 600. Televisheni ya wati 40 itakaa saa 15. Ya wati 100 itakaa saa 6, na hapo hatujahesabu king'amuzi wala taa ya watoto wanaosoma usiku.

Basi nilimwandikia mzee maswali manne nyuma ya karatasi ile ile:

1. Ni kituo gani kinachorushwa kwa 4K, kwa setilaiti ipi, na kwa malipo gani ya mwezi?
2. Je, dishi langu halitazami setilaiti hiyo? Kama halifai, sababu ni nini?
3. King'amuzi unachoniuzia kina HEVC? Nionyeshe palipoandikwa.
4. Ukija nyumbani, utapima umbali wa viti na nguvu ya sola yangu?

Jumatatu mwuzaji alifika kabla ya mnunuzi wa ng'ombe. Mzee akamsomesha swali la kwanza. Yule bwana akataja vituo vitatu, na vyote vitatu mzee alikuwa akivitazama kila siku. Akauliza la pili, mwuzaji akasema ana safari, akawasha pikipiki.

Baadaye mzee alimwita fundi wa kata yetu. Fundi hakupanda hata kwenye dishi. Alitazama nyuma ya televisheni, akacheka. King'amuzi cha mzee ni cha HD, na televisheni yake ya inchi 32 ina tundu la HDMI, lakini miaka yote hiyo vilikuwa vimeunganishwa kwa ule waya wa rangi tatu, nyekundu, nyeupe na njano. Waya huo hauwezi kupitisha HD. Fundi akaweka waya wa HDMI, kwa bei isiyofika ya jogoo mmoja. Mama wa nyumba akasema, "Kumbe yule msoma habari ana mvi!"

Basi, wazazi wenzangu, televisheni yenu ikifa na mkahitaji nyingine, na mkaikuta ya 4K kwa bei mnayoiweza, nunueni, si dhambi. Lakini isiwe kwa hofu, wala kwa ndege wa dukani. Tazameni kwanza waya, tazameni king'amuzi, ulizeni kinachorushwa. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari.

Mtamba wa mzee bado yuko zizini. Na jiko letu, kahawa ikilipwa msimu huu, litaezekwa. Safari hii mke wangu ndiye aliyeiandika hesabu ya mabati katika daftari, na daftari analiweka yeye.

Mpaka juma lijalo, kaeni salama.

Karani wa Parokia